Jumapili ya Kurudisha Saa

Morecambe,
Jumatatu, 4 Septemba 1989

Hilary,

Wakili wako amesema kila baada ya wikiendi nikuandikie tulichofanya na mtoto, na simu tuiache, maana sisi na simu ni ugomvi. Haya, naandika. Miaka kumi na miwili ya ndoa sikukuandikia hata kadi ya maana, leo tumeachana ndiyo nimekuwa karani.

Bryony alishuka salama na treni ya asubuhi kutoka Leeds. Nilikuwa kwenye jukwaa nusu saa kabla, kamuulize mtu yeyote wa stesheni. Tulikula chipsi kwenye benchi tukitazama vilima vya ng'ambo ya ghuba. Mchana nilikwenda naye kazini kwenye ukumbi wa michezo, kulikuwa na mashine tatu za sarafu zilizokwama, akanishikia bisibisi na kunionyesha alipoona senti imejikunja. Baadaye wazee wa uwanja wa matufe walimfundisha kuviringisha tufe kwenye nyasi, naye akamfunga mmoja wao aliyestaafu polisi. Mzee alinuna mpaka chai ilipokuja.

Jumapili tulitazama ndege kwa darubini ya babu, tukiwa juu ya ukuta wa bahari. Juu, nimesema, si mchangani. Wenzako huko Leeds wakisikia Morecambe huuliza kama bado tuna umeme. Waambie mtoto wa miaka kumi alikaa siku mbili hapa na hakusema hata mara moja kwamba kachoka.

Ni mimi,
Desmond

*

Leeds,
8 Septemba 1989

Desmond,

Barua nimeipata. Asante, ingawa nusu yake ni mzaha.

Nakukumbusha tulivyokubaliana, isije siku moja ukasema hukuambiwa. Anakuja kwako kila baada ya wiki mbili, Jumamosi hadi treni ya jioni ya Jumapili, na huu ni wakati wa kujaribu mpaka Krismasi. Januari nitatia saini karatasi moja kati ya mbili. Ya kwanza inasema wikiendi hizi ziendelee. Ya pili inasema utamwona hapa Leeds saa mbili tu, kwenye chumba cha ofisi, na mtu wa kuwaangalia ameketi kando.

Sharti langu unalijua, na ni moja tu. Mchangani hapana. Najua umekulia hapo na najua utaniambia unaujua mchanga ule kuliko mitaa. Babu yako alikuwa na miaka arobaini ya kuujua, na bado maji yalimpokonya farasi na mkokoteni huko mchana kweupe. Mimi kazi yangu ni kupima dawa. Kwangu nusu kijiko ni nusu kijiko, na hapana ni hapana.

Hilary

*

Morecambe,
16 Oktoba 1989

Hilary,

Wikiendi ya nne hii na bado hatujamaliza mji. Jumamosi ilikuwa mvua, tukaingia ukumbini kwangu, akafungua mashine ya zamani yenye mwanasesere anayecheka akaipaka mafuta mwenyewe. Sasa inacheka tena, tena vibaya sana, wateja wanaikimbia. Jioni tulitembea chini ya taa za rangi ufukweni tukala uduvi wa siagi kwenye mkate wa moto. Yeye alikula kopo zima.

Jumapili nilimsimulia habari za babu na mwamba wa kome. Ni ule mwamba mweusi ulio mbali mchangani, huonekana tu bamvua likiwa kubwa na maji yakipwa sana. Babu alikuwa akivuna kome huko kwa reki. Tangu hapo mtoto hana swali jingine. Nimemnunulia kijitabu cha maji, chenye saa za kujaa na kupwa, kwenye duka la ndoano, nikamfundisha kukisoma. Si unajua kinaandikwa kwa saa za baridi mwaka mzima, kwa hiyo kiangazi chote, saa zetu zikiwa zimesogezwa mbele lisaa limoja kwa amri ya serikali, lazima ujumlishe moja. Bryony anajumlisha upesi kuliko mimi. Anasimama juu ya ukuta na saa yangu mkononi, anasubiri maji yafike, yakifika kwa wakati ananiangalia kana kwamba ameyaita yeye.

Desmond

*

Leeds,
20 Oktoba 1989

Desmond,

Mtoto asiyekwenda mchangani anahitaji kijitabu cha maji cha nini?

Amekuja nacho hapa, analala nacho chini ya mto. Ameniambia wikiendi ya tarehe ishirini na nane kutakuwa na bamvua kubwa, na alipoliona neno hilo halinifurahishi akakirudisha chini ya mto. Naomba unihakikishie kwa maandishi.

Hilary

*

Morecambe,
23 Oktoba 1989

Hilary,

Nakuhakikishia. Mchangani hapana. Nimeandika na nimetia saini.

Desmond Threlfall

*

Morecambe,
30 Oktoba 1989

Hilary,

Wikiendi ilikuwa njema. Jumamosi tulicheza gofu ndogo ya bustanini, akanifunga. Tulinunua keki. Jumapili tulilala mpaka saa tatu, si unajua saa zilirudishwa nyuma usiku ule, basi tukajipa na nyongeza. Baadaye tulitembea ufukweni kidogo, tukala chipsi, hakuna la ajabu.

Ana mafua kidogo, upepo ulikuwa mkali. Gambuti zake nimezibakiza hapa ili asizibebe kila mara. Yeye ni mtoto mwema sana, Hilary. Sijui kama nimewahi kukuambia hivyo kwa maandishi.

Desmond

*

Leeds,
6 Novemba 1989

Desmond,

Nina maswali, nijibu yote.

Koti la Bryony limerudi likinuka sabuni ya unga. Wewe katika maisha yako hukuwahi kufua koti, hata lako la harusi nililifua mimi. Kwa nini ulilifua hili?

Tangu Jumatatu ya wiki jana haogi kama kawaida. Anasimama bafuni na beseni, anajimwagia kwa kikombe, nikijaza maji kwenye bafu anatoka nje. Alhamisi nilimwomba atie ufunguo ile saa ya ukumbini hapa nyumbani, kazi aliyokuwa akiigombania tangu ana miaka sita. Alilia. Alisema hataki kugusa saa. Nilimuuliza nani kamwambia asiguse, akasema hakuna.

Usiku nimemkuta mara mbili amesimama mbele ya saa hiyo akiitazama. Mimi mama yake sijui nimwambie nini, maana sijui kilichotokea. Wewe unajua.

Na gambuti zake zilete. Hapa mvua inanyesha kila siku.

Hilary

*

Morecambe,
8 Novemba 1989

Hilary,

Gambuti hizo hapo kwenye kifurushi. Koti lilimwagikiwa sosi ya nyanya, nikaona aibu kulirudisha vile, ndiyo nikalifua. Mtu akijitahidi naye anashtakiwa.

Habari za bafu na saa sizijui. Watoto wana vipindi vyao. Mimi utotoni niliogopa vifungo vya shati mwaka mzima na hakuna aliyeniandikia wakili.

Jumamosi nitakuwa stesheni kama kawaida.

Desmond

*

Leeds,
Ijumaa, 10 Novemba 1989

Desmond,

Gambuti ulizoleta hazina jina. Zake niliandika mwenyewe kwa wino mweusi, ndani, B. Threlfall, mguu wa kulia na wa kushoto. Hizi ni mpya. Nimeingiza mkono ndani na bado zina karatasi ya dukani kwenye vidole.

Njia ya mwongo ni fupi, na wewe umeshafika mwisho wa yako. Nadhani ulikunywa. Nadhani ulilala na mtoto akatoka peke yake, akatumbukia mahali, na wewe ulipoamka ukafua koti. Kama sivyo, niambie ilivyo.

Kesho hatakuja. Wakili ameshaniandalia ile karatasi ya pili. Ninayo hapa mezani na sijatia saini, nakupa nafasi moja tu ya kuniandikia kweli.

Hilary

*

Morecambe,
13 Novemba 1989

Hilary,

Barua yako imefika leo. Jumamosi nilikwenda stesheni nikasubiri treni tatu.

Sijagusa pombe tangu Pasaka. Kamuulize yeyote. Unaweza kunilaumu kwa mengi lakini hilo nimelibeba mwenyewe bila msaada wa mtu na hutaninyang'anya. Gambuti ziliibwa mlangoni, nikaona haya kusema, nikanunua nyingine. Ni hayo tu. Mtu anyimwe mtoto wake kwa gambuti?

Desmond

*

Leeds,
Jumatano, 15 Novemba

Kwa Baba,

Nimechukua stempu kwenye droo ya Mama, nitamwambia baadaye. Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Sijasema chochote. Uliniambia jambo hili ni letu wawili na sijasema, hata Mama aliponiuliza kuhusu saa. Lakini nafikiri lazima nikwambie wewe. Uliponibeba na maji yalipokufika hapa kwenye kwapa ulisema kwa nguvu, "Nani kaigusa saa?" Ulisema mara mbili. Mimi sikujibu kwa sababu niliogopa utaniacha.

Ni mimi niliyeigusa. Jumamosi usiku uliniambia nipande kitini niirudishe nyuma lisaa limoja, nikairudisha, lakini labda niliigeuza vibaya, au niliigeuza mara mbili. Nimejaribu kukumbuka na sikumbuki vizuri. Kama ningeigeuza sawasawa tusingekutwa na maji.

Samahani sana Baba. Najua ndiyo maana Mama haniruhusu kuja tena. Sitagusa saa ya mtu yeyote. Gambuti moja ilivuka na sisi, ile ya kulia, iko wapi? Kama unayo usiitupe.

Bryony

*

Morecambe,
Ijumaa, 17 Novemba 1989

Hilary,

Ndani ya bahasha hii kuna barua tatu. Hii ni yako. Nyingine aliniandikia Bryony, imenifika jana, isome sasa kabla hujaendelea na yangu. Ya tatu ni yake kutoka kwangu, iko wazi, isome kisha umpe. Stempu ni yako, usimgombeze.

Nimekudanganya katika barua tatu. Sasa nakuandikia ilivyokuwa.

Nilimpeleka mchangani. Hakuponyoka, sikulala, sikulewa. Nilimpeleka nikiwa na akili zangu zote, siku sita baada ya kukuandikia sitampeleka. Alinililia aone mwamba wa kome, na mimi nilitaka kuwa baba mwenye kitu ambacho Leeds hakipo. Hiyo ndiyo sababu, sina bora zaidi.

Jumamosi usiku nilimwambia arudishe nyuma saa ya mezani. Alipanda kiti, akairudisha lisaa limoja kamili. Asubuhi niliilinganisha na redio na ilikuwa sawa kabisa. Kisha nikafungua kijitabu. Kilisema maji yatajaa saa tano na dakika tano. Nikasema, jumlisha moja, saa sita na dakika tano. Nimekuwa nikijumlisha tangu Machi, kila siku, mdomo unajumlisha wenyewe kabla kichwa hakijaamka. Lakini asubuhi ile saa zilikuwa zimerudi za baridi, sawa na za kijitabu, na hapakuwa na cha kujumlisha. Mazoea yana taabu. Babu alikuwa na kanuni ya kuondoka mwambani muda wa saa tatu na nusu kabla ya maji kujaa. Mimi niliona tuna mpaka saa mbili na nusu. Kweli yake tulikuwa na mpaka saa moja na nusu, na saa moja na robo ndiyo kwanza tunateremka ngazi za ukuta.

Hilary, sikiliza hili. Mezani, akiwa na kijiko cha uji mkononi, Bryony aliitazama saa, akanitazama mimi, akasema, "Baba, leo bado tunajumlisha?"

Nikamjibu, "Bahari haijui saa za serikali." Nikacheka, nikajiona nimesema la maana. Mtoto alikuwa sahihi. Aliniuliza swali lile lile ambalo lingetuokoa na mimi nikamjibu mzaha.

Tulifika mwambani kukiwa na ukungu mwepesi. Aliokota kome wanne. Nilisikia mkondo nyuma yetu kabla sijauona. Watu wa nje hudhani maji huja kwa mbele. Hupita nyuma, hujaza mifereji kimya, na wewe bado umesimama pakavu unatazama upande mwingine. Mfereji tuliouvuka kwa kulowesha visigino ulikuwa umeshanifika mapajani. Nilimpandisha mabegani nikaingia. Katikati yalinifika kwapani. Mchanga ulinishika mguu mara mbili, na mara ya pili nilifikiri ndiyo basi, nikawaza nimrushe mbele kadiri ya nguvu zangu. Tope lilikuwa limeshamvua gambuti ya kushoto nilipokuwa namnyanyua. Hakulia. Alinishika nywele na kuhesabu hatua zangu kwa sauti, sijui nani kamfundisha. Alifika mia na arobaini tulipokanyaga pagumu.

Nyumbani nilimkalisha mbele ya hita, nikafua kila kitu, nikamwambia jambo hili ni letu wawili. Mtoto wa miaka kumi nikampa mzigo huo ili mimi nisipoteze wikiendi zangu. Na maneno yale ya nani kaigusa saa, Hilary, mimi siyakumbuki. Naapa siyakumbuki. Lakini yeye hasemi uongo, kwa hiyo niliyasema.

Ningeweza kuichoma barua yake. Nilikaa nayo jana kutwa kazini na nilifikiria. Ungeendelea kuamini nililewa, labda ungenipa nafasi nyingine baada ya mwaka. Ukijua haya najua utafanya nini, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini hawezi kukua akiamini kwamba yeye nusura atuzamishe. Tia saini unayoona inafaa. Ila barua yake umpe leo, usingoje kesho.

Gambuti ya kulia ninayo. Ina jina.

Desmond

*

Morecambe,
Ijumaa, 17 Novemba 1989

Bryony mwanangu,

Saa uliirudisha sawasawa. Lisaa limoja, mara moja, kama nilivyokuambia. Niliilinganisha asubuhi na redio na haikuachana nayo hata dakika.

Aliyekosea ni mimi. Nilijumlisha moja siku ambayo haikutakiwa kujumlishwa. Wewe uliliona kosa mezani na ukaniuliza, na mimi sikukusikiliza kwa sababu nilijiona najua. Nilipopiga kelele majini nilikuwa naogopa, na mtu mwoga hutafuta wa kumlaumu. Hukuwa wewe. Hata kama ungelikosea saa kweli, nisingekuacha majini. Hilo usiliwaze tena.

Siri ile niliyokupa naichukua. Mama ameshajua yote, nimemwandikia. Huna cha kuficha sasa. Kama hutakuja huku kwa muda mrefu, ni kwa ajili ya nilichofanya mimi.

Gambuti yako nimeiweka dirishani.

Baba

*

Leeds,
26 Novemba 1989

Desmond,

Nilisoma barua yako nyuma ya kaunta, dukani, na ilinibidi nimwombe mwenzangu apime dawa za watu. Kisha nikaisoma tena nyumbani. Nimengoja wiki nzima ili nisikuandikie kwa hasira, lakini hasira bado ninayo, kwa hiyo naandika nayo hivyo hivyo.

Sikusamehe kwa mchanga. Nataka ulijue hilo vizuri. Usiku nikifumba macho namwona mabegani mwako anahesabu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuhesabu, alipokuwa anaogopa radi, ana miaka minne, wewe ulikuwa kilabuni. Uliahidi kwa maandishi, ukatia na jina la baba yako, kisha ukamtia mtoto majini na kumrudisha kwangu amefuliwa.

Nilikuwa na kalamu mkononi Desmond. Karatasi ya pili ilikuwa hapa na nilikuwa nimeandika tarehe. Kilichonizuia ni barua ya Bryony. Ungeichoma, mimi ningeendelea kutafuta chupa ambayo haikuwepo, na yeye angeendelea kusimama usiku mbele ya saa. Ulijua hivyo, na ukaituma.

Nilimpa yako jioni ile ile. Aliisoma mara tatu jikoni, hajavua hata koti. Aliniuliza, "Kwa hiyo nilikuwa sahihi?" Nikamwambia ndiyo, ulikuwa sahihi. Akauliza kama una hatia sana. Nikamwambia ndiyo, sana. Akafikiri, kisha akaenda ukumbini, akavuta kiti, akaitia saa ufunguo bila kuambiwa. Mimi nilibaki jikoni nikilia kwenye taulo la vyombo ili asinisikie.

Haya ndiyo nitakayofanya. Sitii saini karatasi yoyote Januari. Utakuja wewe Leeds, Jumamosi, kila baada ya wiki mbili. Hakutakuwa na chumba cha ofisi wala mtu wa kuwaangalia. Kuna makumbusho, kuna soko, kuna barafu ya kuteleza, utafute mwenyewe, wewe si ndiye bingwa wa kutafuta mambo ya kufanya mahali ambapo watu wanasema hakuna kitu. Morecambe hatakuja mpaka Jumapili ya mwisho ya Machi, siku saa zitakaposogezwa mbele. Siku hiyo nitamleta mwenyewe. Tutakaa juu ya ukuta sote watatu na tutayatazama maji yakija. Baada ya hapo nitaamua.

Uje na gambuti ile ya kulia. Anaiulizia kila siku, na mimi pia nataka kuiona.

Hilary

*

Leeds,
20 Desemba 1989

Kwa Baba,

Heri ya Krismasi. Usifungue kifurushi mpaka siku yenyewe. Kama umeshafungua, basi endelea kusoma.

Ni kijitabu cha maji cha mwaka ujao. Niliomba kiwe zawadi yangu ya Krismasi, Mama akaliandikia barua duka la ndoano la huko kwenu, wakakileta kwa posta. Nilikuwa nimekitaka kwa ajili yangu, halafu nikaona wewe unakihitaji zaidi.

Nimeandika pembeni ya kila mstari saa za kweli, kwa penseli, ili usijumlishe kichwani. Nimeanza tarehe 25 Machi, siku tutakayokuja na Mama. Mistari ni mingi sana, zaidi ya mia nne, imenichukua wiki mbili. Mama alinikagua jioni akiwa amevaa miwani yake ya dukani. Alikuta kosa moja tu, tarehe 9 Julai, na tumelifuta.

Juzi niliingia bafuni maji yakiwa yamejaa. Nilikaa dakika kumi, Mama alisimama mlangoni na saa.

Tarehe 28 Oktoba, Jumapili ya kurudisha saa mwaka ujao, sikuandika saa pembeni. Hapo nimeandika kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa, USIJUMLISHE, na nimekunja ukurasa pembeni ili usiuruke. Lakini kama siku hiyo nitakuwa kwako, na nikakuuliza swali mezani, Baba, fungua kijitabu kwanza ndipo unijibu.

Bryony